Je, kilabu cha kijijini kwetu kilijengwa na Mjerumani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kijijini kwetu, Moshi Vijijini upande wa juu, kuna jengo refu la mawe lenye paa la bati, hatua chache kutoka sokoni. Leo ni ghala la mahindi na mbolea, lakini wazee wote wanapaita Kilabuni, kwa kuwa zamani lilikuwa kilabu cha pombe. Marehemu babu alikuwa akituambia limejengwa na Mjerumani. Mwenyekiti anasema ni mali ya kijiji, chama cha msingi cha kahawa kinasema ni lao, na sasa kuna mtu anataka kulikodi aweke marumaru na kulifanya ukumbi wa harusi. Nataka kuandika historia yake kabla halijabadilishwa. Nimekutumia picha nne. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Tuanze na Mjerumani, tumalizane naye mapema.

Katika kazi hii ya kupima majengo ya zamani vijijini nimeonyeshwa mashule ya Mjerumani, madaraja ya Mjerumani, hata choo cha Mjerumani ambacho mlango wake ulikuwa na tarehe ya 1958. Kwa wazee wetu "la Mjerumani" maana yake mara nyingi ni "nililikuta". Babu yako hakusema uongo. Alikuwa anakwambia kwamba jengo limemzidi umri, au angalau kumbukumbu zake haziendi nyuma ya hapo. Lakini Mjerumani aliondoka Moshi Machi 1916, Waingereza walipoingia. Alichojenga huko kwenu kinajulikana: boma, reli ya kutoka Tanga, nyumba za walowezi, na makanisa na shule za wamisionari wake. Nyumba ya wanakijiji kunywea pombe haikuwa kwenye mipango yake, na wanakijiji wenyewe hawakuihitaji.

Hapo ndipo pa kuanzia: mbege, pombe yenu ya ndizi, haikuwa na nyumba. Unajua inavyopikwa, lakini nitarudia kwa ajili ya wasomaji wasio wa huko. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinabadilika rangi, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, kisha maji yake yanachanganywa na uji wa ulezi ulioota (ulezi wenyewe nao Wachagga huuita mbege), na kutiwa magome ya msesewe kwa uchungu. Ikishachanganywa haisubiri. Leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa ni ya kumwaga. Kinywaji cha namna hiyo kilipikwa kwa sababu maalumu: mahari, kikao cha ukoo, tambiko, watu waliokuja kukusaidia kulima. Kilinywewa uani, kwenye nyasi, kata ya kunywea ikizunguka kwa kufuata umri. Hakuna aliyehesabu kata ngapi zimekwenda wapi.

Jengo linakuja pale mtu anapotaka kuhesabu. Ukilishika hilo, mengine yote kwenye picha zako yanajieleza. Kilabu cha pombe ni ofisi ya ushuru iliyowekwa mabenchi.

Mambo yalikwenda hivi. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels mwaka 1890, na tena Saint-Germain mwaka 1919, kuzuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika. Tanganyika ilipokabidhiwa kwa Waingereza, masharti ya udhamini nayo yakawataka wadhibiti pombe hizo. Bia ya chupa nayo ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua kwa uhuru mpaka baada ya Vita vya Pili. Ikabaki pombe ya kienyeji. Kuipiga marufuku kabisa kulikuwa haiwezekani, na kuiacha ilivyo kulikuwa ni kuacha pesa mezani. Mji wa Durban, kule Afrika Kusini, ulikuwa umeshaonyesha njia tangu 1909: manispaa ilijitwalia haki ya kuuza pombe ya Waafrika kwenye majumba yake yenyewe, na faida ikaendesha utawala wa Waafrika haohao. Nairobi ikaiga mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwenye mtaa wa Pumwani. Huku kwetu serikali haikupika yenyewe. Ilimwacha mama apike, ikamtoza.

Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa machifu, kwenu mamangi, hazina zao za kuendesha mahakama, njia na zahanati. Hazina inahitaji mapato, na kibali cha pombe kilikuwa pato rahisi kuliko yote: huhitaji kumfuata mtu shambani, yeye mwenyewe anakuja jioni. Tatizo ni kwamba mapishi ya uani hayahesabiki. Kwa hiyo wapikaji wakaelekezwa walete mahali pamoja, siku zinazojulikana, na karani akae mlangoni.

Sasa tazama picha yako ya pili, ile ya mbele. Kushoto kwa mlango kuna kidirisha kidogo kilichozibwa kwa tofali, usawa wa kifua cha mtu mzima, kikubwa kiasi cha kupitisha mkono na daftari. Umekichukulia kuwa tundu la hewa. Tundu la hewa huwekwa juu, karibu na paa, na halina kizingiti kilicholainika kwa viwiko. Hapo alikaa karani wa ushuru. Mlango ni mmoja tu kwa jengo la urefu huo. Shule ingekuwa na miwili, ghala lingekuwa na mkubwa wa kupitisha mkokoteni. Huu ni mwembamba, wa mtu mmoja mmoja na debe lake kichwani.

Picha ya tatu, ukuta wa ubavuni. Mawe yanaishia kiasi cha mita moja na robo, halafu juu yake ni matofali ya saruji hadi kwenye boriti. Huo si ukarabati wa ukuta uliobomoka. Ukuta ule ulikuwa wazi tangu mwanzo, nusu tu, na paa likibebwa na nguzo. Bwana afya alitaka hewa, na askari alitaka kuona ndani bila kuingia. Matofali ya saruji yamekuja siku jengo lilipogeuzwa ghala, maana mahindi hayahifadhiwi kwenye nusu ukuta. Ukitaka kuhakikisha, chukua msumari ukwangue kati ya mawe ya chini, kisha kati ya matofali ya juu. Chini ukitoka unga mweupe laini, ni chokaa. Juu, msumari utateleza tu na kuacha mstari wa kijivu: saruji. Saruji ya kwetu, ya kiwanda cha Wazo Hill, ilianza kutoka mwaka 1966. Kabla ya hapo iliagizwa, na kijiji cha mlimani kisingeitumia kwa mita arobaini za ukuta. Kwa hiyo sehemu ya juu ni ya baada ya 1966, na nadhani ni ya baadaye sana, nitakwambia kwa nini.

Paa usiliamini. Ukipanda na kukuta muhuri wa ALAF, kiwanda cha mabati, upande wa ndani, utajua bati hilo ni la baada ya 1960, kiwanda kilipoanzishwa, lakini bati hubadilishwa na jengo likabaki. Zikwepe pia hesabu za unene. Kweli bati la zamani lilikuwa zito kuliko geji 30 na 32 za siku hizi, ila watu walihamisha mabati mazito kutoka jengo hadi jengo kama watu wanavyorithishana koti. Tazama matundu ya misumari. Ukikuta bati lina mistari miwili ya matundu isiyolingana na boriti, limekuja na historia ya paa jingine.

Sakafu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo ninayoogopa marumaru zitaifunika.

Picha yako ya nne inaonyesha madoa ya mviringo, rangi ya kahawia, kwa mstari kando ya ukuta wa nyuma. Umeuliza kama ni ya magunia. Gunia haliachi kutu. Pima upana wa duara moja. Ukipata kama sentimita 58, hapo palikaa pipa la chuma la lita 200. Pipa hilo lina kisa chake: hati miliki yake ilichukuliwa Marekani mwaka 1905 na fundi aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha Nellie Bly, yule mwandishi wa habari maarufu aliyezunguka dunia. Lakini lilisambaa kila pembe ya dunia wakati wa Vita vya Pili, likibeba mafuta ya jeshi. Kabla ya hapo mama zetu walileta pombe kwa vyungu, vibuyu na debe. Kwa hiyo maduara yanakwambia kilabu kilikuwa kinafanya kazi baada ya miaka ya 1940.

Lakini usiishie hapo. Lowesha sakafu kwa maji, subiri ikauke nusu, utafute madoa ya mraba, upande kama sentimita 23 hadi 24. Hayo ni ya debe, lile bati la mafuta ya taa la galoni nne, lita 18. Debe ndilo lililokuwa kipimo cha ushuru. Ukikuta miraba chini ya maduara, yaani duara limekata juu ya mraba, umepata ushahidi kwamba sakafu hiyo ilikuwepo na ikatumika kabla mapipa hayajafika. Hapo tutaweza kuzungumza juu ya miaka ya 1930 kwa ujasiri. Usipoikuta, jengo lako ni la baada ya vita, pengine la miaka ya 1950.

Na mimi, kwa picha tu, ningeweka pesa yangu kwenye miaka ya 1950. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri. KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933, ulikuwa unalipa wakulima. Wachagga walikuwa wamemsimika Mangi Mkuu wao, Thomas Marealle, mwaka 1952, na Baraza lao lilikuwa na hazina iliyojaa na hamu ya kujenga. Majengo mengi ya mawe yaliyochongwa vizuri pembeni na kujazwa ovyo katikati, kama lenu, ni ya muongo huo.

Hapa niungame. Miaka ya nyuma niliandika ripoti ya kilabu kimoja, si kwenu, nikakiweka miaka ya 1920 kwa sababu ya chokaa kati ya mawe. Nilishaisoma mbele ya wanakijiji, nikapigiwa makofi, halafu bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Mwanangu, hayo mawe nimeyabeba mimi, nikiwa na mimba ya huyu." Huyu alikuwa mzee wa miaka 54 aliyekaa kando yake. Fundi alitumia chokaa kwa sababu kulikuwa na tanuri ya chokaa karibu, basi. Tangu siku hiyo naanza na akina bibi, ndipo nafika kwenye msumari.

Na wewe fanya hivyo. Utashawishika kuwahoji wanywaji, kwa kuwa ndio wenye hadithi. Mnywaji anakumbuka ugomvi, nyimbo, na nani alilala mferejini. Mpikaji ndiye anayekumbuka bei ya ulezi, siku ya zamu yake, kiasi cha ushuru kwa pipa, jina la karani na nani alikuwa anapokea fedha mwaka gani. Wengi wa wapikaji wametangulia, lakini mabinti zao waliosaidia kuchuja wapo, sasa ni bibi. Usimuulize "kilabu kilijengwa lini". Muulize: "Mama alipokuwa anapeleka mbege, ushuru alimlipa nani?" Akisema "karani wa Mangi", uko kabla ya 1963, machifu walipofutwa. Akisema "halmashauri", uko kati ya hapo na 1972. Akisema "kijiji", ni baada ya 1975. Swali hilo moja linafanya kazi ya kalenda.

Kumbuka pia kuuliza walikuwa wanaficha nini. Kila kilabu cha pombe halali kilikuwa na jirani wa pombe haramu. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Moshi, na usidhani ni ya mji wenu; moshi ni jina la gongo, na sheria iliweka utaratibu wa leseni za kuitengeneza. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo, ambayo ndiyo bado inatajwa leo mtu anapoomba leseni ya kilabu.

Sasa ugomvi wenu. Mwenyekiti na chama cha msingi wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake.

Chukulia jengo lilijengwa na Baraza la Wachagga. Uhuru ulipokuja, mali za mamlaka za wenyeji zikaingia halmashauri ya wilaya. Julai 1972 serikali ikaleta Madaraka Mikoani, mpango wa kuhamishia utawala mikoani, na halmashauri zikavunjwa. Hilo ndilo shimo kubwa katika historia ya kila jengo la umma la kijijini Tanzania. Madaftari ya ushuru, hati za viwanja, mikataba ya ujenzi, vyote vilibaki kwenye ofisi ambazo hazikuwa na mwenyewe. Vingine vilihamishiwa mkoani, vingine vikafungia maandazi. Miaka mitatu baadaye Sheria ya Vijiji ya 1975 ikavipa vijiji uwezo wa kumiliki mali. Kwenu Kilimanjaro watu hawakuhamishwa kama Dodoma au Kigoma, maana mlishasongamana kwenye vihamba, mashamba yenu ya nyumbani. Vijiji viliandikishwa palepale. Na kilabu, kwa kuwa hakikuwa na baba, kikawa cha kijiji.

Mwaka uliofuata, 1976, vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, na kijiji chenyewe kikapewa kazi ya ushirika: kukusanya kahawa, kugawa pembejeo. Kijiji kilihitaji ghala. Kilikuwa na jengo refu lenye nusu ukuta. Nadhani hapa ndipo matofali ya saruji yalipowekwa, ila huenda yaliwekwa baadaye kidogo. Sheria mpya ya ushirika ikaja 1982, vyama vikafufuka, na chama chenu cha msingi kikarudi na kukuta kahawa yake imelala ndani ya kilabu. Miaka miwili baadaye halmashauri za wilaya nazo zikarudi. Kwa hiyo kuna watu watatu wenye kumbukumbu ya kweli ya kulimiliki jengo moja, na hakuna mwenye karatasi. Mtu mwenye ukumbi wa harusi ni wa nne.

Siwezi kukuamulia, wala si kazi ya historia. Lakini nitakwambia karatasi zilipo, kama zipo. Kijijini omba mihtasari ya vikao vya serikali ya kijiji ya 1976 hadi 1985, hasa kikao chochote kilichotaja "ghala". Kwenye chama cha msingi omba taarifa za ukaguzi. Mkaguzi wa ushirika huorodhesha majengo, na kama kilabu hakimo kwenye orodha ya kwanza baada ya kufufuka, hilo ni jibu. Kwa ya nyuma zaidi nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Omba Kitabu cha Wilaya ya Moshi na mafaili ya pombe ya mamlaka ya wenyeji. Yameandikwa kwa Kiingereza cha maofisa, ila barua za mamangi mara nyingi ni za Kiswahili, tena kizuri. Peleka barua ya utambulisho, na usiende kwa siku moja.

Kuna kipindi ambacho wazee watakieleza kwa tabasamu: mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha, duka halina sabuni, na bia ya chupa ilipatikana kwa kufahamiana, tena uende na chupa yako tupu. Mbege haikuhitaji fedha za kigeni. Pengine kilabu kilikuwa kimeshageuka ghala, na watu wakanywea chini ya mti nje. Uliza, maana nimeona hivyo mahali kwingi. Baada ya 1993, kiwanda cha bia kilipopata mbia wa kutoka Afrika Kusini, chupa zikarudi kwa wingi. Kijana aliyeuza kahawa hakutaka tena kuonekana na kata, alikwenda grosari. Mzee asiye na pesa akahamia kwenye viroba, vile vipakiti vya pombe kali, mpaka vilipopigwa marufuku Machi 2017. Mama wa mbege alirudi alikoanzia, uani kwake, na anauza kwa simu.

Kazi moja imebaki, na haiwezi kungoja Nyaraka za Taifa. Nenda na ndoo mbili za maji kabla fundi wa marumaru hajafika. Mwaga moja kwenye ukuta wa nyuma utazame maji yanakimbilia wapi. Sakafu ya kilabu huinama kuelekea mferejini, ya ghala haiinami. Ya pili ni ya kulowesha ile mistari ya madoa. Weka rula kando ya kila duara, piga picha kutoka juu kabisa. Kisha chukua waya mwembamba uchokonoe nyufa za chini ya mabenchi ya saruji, kama bado yapo. Mlevi hudondosha chenji. Ukikuta senti yenye tundu katikati, isugue usome jina la mfalme: George wa Tano, wa Sita, au Elizabeth. Sarafu haikwambii kilabu kilianza lini, maana senti ilizunguka miaka mingi. Ila ukipata tatu nne za George wa Tano kwenye ufa mmoja, nipigie simu nije, na nitaifuta ile ya 1950 niliyoiandika hapo juu.

Na usisahau kumpelekea bibi sukari.